Mashahidi Wasio na Maneno

Yako mashauri yanayoamuliwa kwa ushahidi, na yako mengine yanayoamuliwa kwa ulimi tu. Mwenye ulimi mwepesi husikilizwa hata akisema uwongo. Mwenye kigugumizi huambiwa aketi hata akiwa na kweli. Leo nataka kuwaeleza habari za kitabu kimoja cha Kifaransa ambamo jambo hilo laonekana wazi kabisa. Wengi waliokisoma humtazama yule mtu mkubwa aliye katikati ya hadithi. Mimi nimekwisha kukisoma mara tatu, na kila mara macho yangu huenda kwa watu wadogo waliosimama pembeni.

Kitabu chenyewe huitwa "L'Étranger", maana yake "Mgeni". Kilichapwa Paris mwaka 1942, wakati Ufaransa ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mtungaji wake ni Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913, akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957, akafa kwa ajali ya motokaa mwezi wa Januari 1960. Wataalamu hukitia kitabu hiki katika fungu la udhanaishi, yaani mawazo ya wale wasemao kwamba mtu hujikuta duniani pasipo kuambiwa maana ya maisha yake, naye hana budi kujichagulia njia mwenyewe. Camus hakupenda kuitwa kwa jina hilo. Lakini kwetu sisi jina si kitu. Na tuitazame hadithi.

Meursault ni karani wa ofisi moja mjini Algiers. Siku moja apata simu ya kwamba mama yake amefariki katika nyumba ya wazee huko Marengo, kilometa 80 kutoka mjini. Aenda, akesha, azika, wala hatoi chozi. Kesho yake aenda kuogelea, akutana na msichana aliyemfahamu zamani, na jioni waenda pamoja kutazama sinema ya kuchekesha. Baadaye ajiingiza katika ugomvi wa jirani yake, na mchana mmoja wa jua kali, huko pwani, ampiga Mwarabu mmoja risasi, kisha amwongeza nyingine nne akiwa amekwisha kuanguka. Barazani aulizwa sababu, ajibu kwamba ni kwa ajili ya jua. Ahukumiwa kukatwa kichwa. Moyoni mwake huona kwamba yote ni mamoja: kuoa na kutooa, kwenda na kukaa, hata kuishi na kufa.

Huyo ndiye mtu mkubwa. Sasa tuwatazame wale wa pembeni.

Wa kwanza ni mzee Thomas Pérez. Katika ile nyumba ya wazee alikuwa na mazoea ya kutembea jioni pamoja na mama yake Meursault, hata wenzao wakawatania kwamba ni wachumba. Nao walifurahia utani huo. Mama alipokufa, desturi ya nyumba ile haikuwaruhusu wazee kufuata jeneza mpaka kaburini. Waliachiwa kukesha tu. Lakini mkuu wa nyumba alimwonea Pérez huruma, akampa ruhusa yeye peke yake. Akaja amevaa kofia yake na tai nyeusi, fundo lake dogo mno kwa ukosi wake mpana mweupe, midomo ikimtetemeka.

Kutoka pale mpaka kanisa la kijiji ni mwendo wa dakika 45. Jua lilikuwa kali hata lami ya barabara ikalainika. Pérez alikuwa akichechemea. Gari la maiti likamshinda mwendo, akaachwa nyuma. Lakini alizijua njia za mkato. Basi akawa anaiacha barabara, anakata mashamba, anatokea mbele na kuwapata wenzake, kisha anaachwa tena. Alipofika machozi yalikuwa yamejaa usoni, nayo hayakuweza kutiririka kwa ajili ya makunyanzi. Yalitandaa tu juu ya uso kama maji juu ya udongo uliopasuka. Mwisho wa yote mzee akazimia.

Mimi katika mtaa wetu ndiye nishikaye daftari la rambirambi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika: huyu kaleta debe la mahindi, yule kaleta shilingi elfu mbili, yule mwingine kuni. Ni kazi njema, maana wafiwa wapaswa kujua nani aliwafaa. Lakini daftari hilo halina safu ya machozi. Mwaka mmoja alifariki mjane mmoja wa jirani. Siku ya maziko nilimwona mzee mmoja, si ndugu yake wala si mkwe wake, amesimama karibu na migomba, mikono mitupu. Wote tulijua kwamba kwa muda mrefu wawili hao walikuwa wakiketi chini ya mwembe mmoja wakipukuchua maharage na kusimuliana mambo ya kale. Hakuna aliyemwita aketi pamoja na wafiwa, maana hakuwa na jina katika ukoo. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikaandika jina lake, na mbele yake neno moja: "Alikuja". Tangu siku hiyo, kila nisomapo habari za Pérez akikata mashamba, namwona mzee yule wa migombani.

Pérez aliitwa kutoa ushahidi. Mshtaki wa Serikali alimwuliza kama alimwona Meursault akilia siku ya maziko. Mzee akajibu la. Wakili wa mshtakiwa akaruka kwa hasira, akamwuliza kama basi alimwona asilie. Mzee akajibu la, vile vile. Watu wakacheka. Lakini Pérez alikuwa amekwisha kueleza kweli yake: kwamba siku ile alikuwa na majonzi makubwa mno, hata hakuona kitu. Yaani katika baraza zima, mtu pekee aliyempenda marehemu ndiye ambaye hakupata nafasi ya kutazama nani analia na nani halii. Jambo hilo halikumsaidia mtu yeyote, nalo likapita.

Wa pili ni mzee Salamano, jirani wa Meursault, pamoja na mbwa wake. Mbwa huyu alikuwa na ugonjwa wa ngozi. Manyoya yamemtoka, mwili umejaa mabaka na magamba. Kwa kukaa chumba kimoja miaka minane, mzee naye alikuwa amefanana naye. Mara mbili kila siku, saa 5 asubuhi na saa 12 jioni, walitoka kutembea katika njia ile ile. Mbwa humvuta mzee mpaka ajikwae. Mzee humpiga na kumtukana. Mbwa huogopa na kukokotwa. Kisha husahau, huanza kuvuta tena, naye hupigwa tena. Majirani walisema ni aibu.

Siku moja mbwa akapotea katika msongamano wa watu penye michezo. Mzee akarudi akitukana. Akaambiwa kwamba mbwa waliopotea hushikwa na serikali ya mji, na mwenye mali aweza kulipa ada akamrudishiwa wake. Alipoisikia ile ada akapandisha hasira: atoe fedha kwa ajili ya mzoga ule? Heri afe! Lakini baada ya kitambo akarudi, akabisha hodi, akauliza kwa sauti ya kutetemeka kama kweli watamnyang'anya mbwa wake, na kama ni hivyo, yeye mwenyewe atakuwaje. Usiku ule Meursault alisikia sauti ndogo ya ajabu ikipenya ukutani, akatambua kwamba mzee analia. Na hapo, bila kujua sababu, Meursault akamkumbuka mama yake.

Baadaye Salamano alisimulia maisha yake. Alipokuwa kijana alitaka kuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza, lakini akaishia kufanya kazi ya reli. Alioa, na ndoa haikuwa ya furaha sana, lakini walizoeana. Mke alipokufa akaona upweke, akaomba kitoto cha mbwa kwa mwenzake wa kazini. Kilikuwa kidogo mno hata akakilea kwa maziwa ya chupa. Na tangu mbwa alipopata ule ugonjwa, mzee alimpaka dawa kila asubuhi na kila jioni. Haya majirani hawakuyajua. Wao waliyasikia matusi, maana matusi hupenya ukuta; mkono upakao dawa hausikiki. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Kweli. Lakini mzee huyu atuonyesha kwamba chini ya mazoea huweza kufichika upendo ambao hata mwenyewe hajui kuuita kwa jina.

Barazani Salamano alisema kwamba Meursault alikuwa mwema kwa mbwa wake. Kisha, juu ya habari ya mama kupelekwa nyumba ya wazee, alisema kwamba mama na mwana walikuwa hawana tena la kuzungumza. Akawasihi wazee wa baraza waelewe. Hakuna aliyeonekana kuelewa. Akaondolewa.

Wa tatu ni Céleste, mwenye hoteli ndogo ya chakula ambamo Meursault hula kila siku. Huyu alikuja barazani amevaa nguo zake nzuri. Alikuwa amejiandaa, ilionekana kwamba ameifikiri hotuba yake kwa siku nyingi. Akainama mbele, akasema kwamba kwa maoni yake jambo lile lilikuwa msiba, na kila mtu ajua msiba ni nini: ni kitu kinachomkuta mtu hana ngao. Akataka kuendelea, lakini hakimu akamwambia yatosha. Céleste akasimama pale, hana neno jingine. Macho yalimlowa, midomo ikamtetemeka, akamgeukia rafiki yake kana kwamba anamwuliza ni nini zaidi awezacho kufanya. Na Meursault, mtu yule wa yote mamoja, asema kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutamani kumbusu mwanamume.

Msichana Marie naye aliitwa. Mshtaki akamwuliza lini, wapi, sinema gani, mpaka siku zao mbili za furaha zikageuka kuwa uovu mbele ya watu wote. Marie akaangua kilio, akisema kwamba sivyo, kwamba wanamlazimisha kusema kinyume cha anavyofikiri. Akatolewa nje. Hata yuko mwanamke mmoja mfupi, asiye na jina, ambaye siku moja tu aliomba kukaa meza moja na Meursault hotelini. Huyu alikuja barazani, akaketi karibu na Céleste, akamkazia macho mshtakiwa mpaka mwisho. Hakusema hata neno moja. Kwa nini alikuja? Kitabu hakisemi. Alikuja.

Ndugu zangu, mshtaki yule hakushughulika sana na mtu aliyeuawa. Alishughulika na maziko ya mama: mbona mwana hakulia, mbona alikunywa kahawa ya maziwa wakati wa kukesha, mbona alivuta sigara? Msifikiri kwamba hayo ni ya Algiers tu. Hata kwetu, katika kila matanga, yuko mtu ambaye kazi yake ni kupeleleza nani kalia na nani kakausha macho. Na kabla ya siku ya tatu habari imekwisha kuzunguka kisimani. Meursault alistahili kuhukumiwa, maana aliua mtu. Lakini baraza lilimpima kwa machozi, na watu waliomjua kweli hawakuwa na maneno ya kulijibu.

Camus aliwapata wapi watu kama hawa? Nafikiri aliwapata nyumbani kwao. Baba yake alikufa mwaka 1914 kwa majeraha ya vita, mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Mama yake, Catherine, alikuwa hasikii vizuri, hajui kusoma wala kuandika, na maneno yake yalikuwa machache sana. Alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu ili kuwalisha wanawe, katika mtaa wa Belcourt, mjini Algiers. Mwanawe akawa mtu mashuhuri duniani kwa maneno, na mama hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Jina la ukoo wa mama huyo lilikuwa Sintès, nalo Camus amempa yule jirani mgomvi katika hadithi. Jina la ukoo wa bibi yake lilikuwa Cardona, nalo amempa Marie. Mtu aliyelelewa na mama wa namna hiyo ajua vema kwamba kukosa maneno si kukosa moyo.

Hata hivyo yuko mmoja ambaye mtungaji hakumpa hata kigugumizi. Mke wangu nilimsimulia hadithi hii jioni moja tulipokuwa tukichagua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza lolote juu ya Meursault. Aliuliza, "Mzee, na mama wa yule Mwarabu, naye alipata simu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kitabu hakina jibu. Mtu aliyeuawa hana jina tangu mwanzo hata mwisho. Dada yake, aliyepigwa na yule jirani mgomvi na kusababisha ugomvi wote, naye hana jina. Katika baraza hakuitwa shahidi Mwarabu hata mmoja. Nchi ile ilikuwa ya Waarabu na Waberberi tangu kale, nayo ilikuwa chini ya Wafaransa mpaka mwaka 1962. Na katika kitabu chenye jina la "Mgeni", mwenyeji ndiye aliyekufa bila kutajwa. Wengine husema Camus alifanya hivyo makusudi, kuonyesha jinsi Wafaransa wa huko walivyowatazama wenyeji. Wengine husema yeye mwenyewe hakuwaona. Mimi siwezi kuamua. Najua tu kwamba baada ya swali la mke wangu siwezi tena kuufikia ule ukurasa wa risasi bila kusimama.

Swali lake halikuwa la mke wangu peke yake. Mwaka 2013 Mwalgeria mmoja, Kamel Daoud, alitoa kitabu cha kumjibu Camus. Humo marehemu apewa jina: Moussa, yaani Musa. Msimulizi ni mdogo wake, sasa mzee, akikumbuka jinsi mama yao alivyoishi miaka yote na msiba wa mwana ambaye hata maiti yake haikuonekana. Miaka 71 ilipita kati ya kitabu cha kwanza na cha pili. Muda wote huo mama yule alikuwa akingoja kuulizwa habari.

Nimebakiza mmoja, naye ni padre wa gereza. Sisi Wakatoliki hatuwezi kumpita. Meursault hamwamini Mungu, naye alikuwa amekataa mara tatu kuonana na padre. Padre akaingia bila kuitwa. Huyu, tofauti na wengine wote, alikuwa na maneno mengi: juu ya dhambi, juu ya hukumu ya Mungu, juu ya maisha yajayo. Maneno hayo hayakufika popote. Mfungwa alilipuka, akamshika padre kwa ukosi wa kanzu, akamfokea yote yaliyokuwa moyoni. Katika hasira hiyo akasema kwamba mbwa wa Salamano alikuwa na thamani sawa na mkewe. Askari wakaja kumtenga, wakamtisha mfungwa. Lakini padre akawatuliza wao. Akamtazama mfungwa kitambo kidogo pasipo kusema kitu, macho yamejaa machozi, kisha akageuka akaenda zake.

Camus hakuwa mtu wa Kanisa. Angeweza kumfanya padre wake kuwa mchekeshaji, au mkatili. Hakufanya hivyo, alimpa machozi. Kwangu mimi padre huyu alifanya kazi yake kubwa wakati ule maneno yalipomwishia. Hapo ndipo aliposimama fungu moja na Pérez, Salamano na Céleste.

Na angalieni jinsi kitabu kinavyokwisha. Padre ameondoka, usiku umetulia, na mtu yule anayengoja kukatwa kichwa amwaza mama yake. Aona sasa kwa nini mama, karibu na kufa kwake, alijipatia "mchumba". Yaani katika saa zake za mwisho, hakimu na mshtaki wamekwisha kutoka katika mawazo yake, na anayerudi kwa mlango wa nyuma ni mzee Pérez na mguu wake mbovu.

Meursault asema yote ni mamoja. Wale wadogo hawakuwa na elimu ya kubishana naye. Mmoja alikata mashamba juani, mmoja alipaka mbwa dawa, mmoja alivaa nguo zake nzuri akaja kusema neno moja akakatizwa. Ndivyo walivyojibu.

Basi, wasomaji wangu, katika baraza zetu za kijiji na katika vikao vya jamaa nyumbani, yuko daima mtu anayesimama, akasema maneno mawili, akakwama. Pengine ni bibi mzee, pengine mtoto, pengine mkwe aliyetoka mbali. Wepesi wa ulimi huanza kucheka. Msimwambie aketi. Mngojeeni kidogo, hata kama chakula chapoa. Na yule ambaye hakufika barazani kabisa, kwa sababu amekufa au kwa sababu hakuna aliyemwita, mwulizieni jina lake na jina la mama yake.